Dalali wa Feri na mashine ya Fundi

Mwaka 2011 nilikuwa mhariri wa video kwenye studio ndogo Kinondoni, nikitumia iMac mpya. Kwetu vijana ile mashine ilikuwa cheo. Konani alikaa kaka mmoja aliyetuzidi umri, tukimwita Fundi, na kompyuta kuukuu ya Windows yenye RAM ya GB 4. Mwezi Juni Apple walipotoa Final Cut Pro X, toleo jipya la programu yao ya kuhariri video, isiyoweza kufungua miradi ya toleo la 7, ubishi ulipamba moto: tubaki au tuhamie Premiere, programu ya Adobe? Fundi hakutia neno.

Ikaja kazi ya filamu ya dakika tatu kuhusu mnada wa samaki pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam. Bosi akatupatia picha za video zilezile sote wawili, mteja aje achague.

Zilikuwa zimepigwa kwa kamera ya Canon 5D Mark II, na faili zake za H.264, aina ya video iliyobanwa, ni mzigo. Fremu nyingi, yaani zile picha mojamoja zinazounda video, hazihifadhiwi nzima, yanahifadhiwa mabadiliko tu, hivyo kompyuta huzijenga upya kila unaposogeza. Mashine ya Fundi ilikwama palepale. Jioni akaiachia kazi ya kugeuza faili zote ziwe nakala ndogo, nyepesi, akaomba Mungu umeme usikatike (mgao wa mwaka ule waliokuwepo wanaukumbuka), akaenda zake nyumbani. Kesho yake akakata kwa nakala hizo, daftari pembeni, na mwishoni akarudisha faili halisi mahali pake. Mimi siku ya kwanza tu nilikuwa na dakika mbili tayari, zimejaa mbwembwe.

Mteja akaja. Yangu aliitazama, akaitikia kwa kichwa.

Ya Fundi ilianza na giza. Sauti ya dalali ikasikika ikitaja bei. Kisha uso wa mama mmoja mwenye ndoo tupu, anasikiliza. Bei ikapanda. Mama akameza mate. Ikapanda tena, naye akaitazama ndoo yake. Sekunde sita nzima bila kukata, na dalali mwenyewe bado hatujamwona.

Picha ile nilikuwa nayo. Niliitupa kwa kuona hakuna kinachotokea.

Mteja alichagua ya Fundi, wala hakuuliza imehaririwa kwenye kompyuta gani. Iliniuma sana. Jioni nikamfuata.

"Kaka, nilikosea wapi?"

"Zima skrini, mdogo wangu. Isikilize tu hiyo ya kwako."

Nikazima. Dalali alikatika katikati ya bei. Kelele za wachuuzi ziliruka, zikarudi, zikaruka tena. Kabla ya dakika ya kwanza kuisha nilikuwa nimehesabu mikato 17 kwa masikio.

Saa tatu usiku umeme ulikuwa bado upo. Nilichukua daftari, nikafungua folda ya picha nilizozitupa, nikaanza kuzitazama moja baada ya nyingine, kwenye iMac ileile.