Kwa nini siku hizi nasimama tu

Asubuhi za baridi kali nazipenda kwa sababu miti imepukutika majani na ndege hana tena pa kujificha. Leo nilifika kwenye kile kijia cha kando ya mashamba kabla jua halijachomoza vizuri. Theluji nyembamba ilikuwa imeanguka usiku, na wenyewe walishapita: shomoro huruka kwa miguu miwili, kwa hiyo nyayo zake huenda pachapacha, za kunguru hupishana, maana yeye hutembea.

Kigong'ota nilimsikia kwanza. Ko, ko. Kimya. Ko. Alikuwa anasaka mabuu kwenye mti mkavu, na vipande vya gome vilidondoka juu ya theluji kimoja kimoja.

Mbele kidogo, kwenye kichaka cha miiba, shomoro mmoja alikuwa amejitunisha mpaka akawa duara, mguu mmoja kaukunja ndani ya manyoya. Manyoya yakisimama hivyo hunasa hewa, na hewa hiyo ndiyo blanketi lake. Hata miguu ina ufundi wake: damu ya moto inayoshuka hupita karibu kabisa na ile ya baridi inayopanda, ikaipasha, joto lisipotelee kwenye kucha.

Sikumsogelea. Mwaka jana nilimfukuzia ndege picha, mti hadi mti, mara nne, mpaka giza likaingia. Baadaye ndipo nikajua kwamba ndege mdogo hutumia mchana wote mfupi kujaza mafuta mwilini, na usiku huyachoma ili asife kwa baridi. Kila nilipomrusha, nilikuwa namlia akiba yake. Picha niliifuta, lakini jambo lenyewe bado linaniuma. Sasa naegemea mti, nanyamaza. Baada ya dakika kumi hivi wananisahau, wanarudi kula.

Chini ya daraja la mbao kuna kiota cha mbayuwayu, kikombe cha tope kavu na unyoya mmoja ukingoni. Wenyewe wako mbali, kwenye joto. Mbayuwayu mmoja aliyevishwa pete ya utambulisho mguuni huko Uingereza mwaka 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Nikikitazama kiota hiki, namkumbuka yule.

Niliporudi, shomoro alikuwa palepale. Amebadilisha mguu.