Mimi tangoja nyengine

Tangu Jumatano ya wiki iliyopita kuna maneno yananizunguka na hayataki kutua. Bi wetu wa chuoni (mnamjua, ndiye aliyenifundisha kushika kalamu juu ya ubao nikiwa na miaka 5) alifika gatini kama kila Jumatano, na kikapu chake cha mikate ya mofa ya kumpelekea bintiye Mokowe, ng'ambo ya bara. Nikamnyoshea mkono ateremke. Mguu mmoja ulishagusa ukingo wa mashua. Akasita, akavuta ushungi, akaurudisha mguu kwenye ngazi.

"Tangulia, mwanangu. Mimi tangoja nyengine."

"Kuna nini, Bi?"

"Hakuna neno. Wapeleke watu wako, wasikawe."

Basi. Hakukunja uso wala hakupandisha sauti. Nikang'oa nanga nikaenda, na nilipogeuka nikamwona anateremka kwenye mashua iliyokuwa nyuma yangu, mkono wake umeshikwa na kijana ambaye hata hajui kwamba Bi hukaa upande wa kulia wa tezi, huku nyuma ya mashua, karibu na sanduku la injini, kwa sababu magoti yake hupenda ule ujoto.

Jumatatu kaka yangu alirudi kutoka Muscat baada ya miaka 6, tukachinja mbuzi wawili, nyumba ikajaa watu mpaka darini. Mimi nikawa nasambaza sahani huku nasikia "tangoja nyengine". Miaka yote hii Bi huniita "wewe kijana" kwa sauti ya kufokea. "Mwanangu" humsikia akiwaambia waliofiwa. Na hakusema "tangoja ya pili", kwamba yangu ya kwanza imejaa, labda. Alisema nyengine. Yaani isiyokuwa hii.

Angesema "mashua yako yanuka" ningekubali papo hapo, kwa sababu ilikuwa inanuka. Kwa wiki mbili nilikuwa naona kwenye ngama, chini kabisa yanapokusanyika maji, yale maji ya rangi rangi, ya zambarau na kijani, na kila tukifua maji kuyatoa nje, nyuma yetu panabaki utando unaomeremeta mpaka kwenye mikoko. Kijana wangu wa kazi alikuwa akiniambia, "Nahodha, dizeli si petroli, haishiki moto ovyo." Ni kweli haishiki ovyo. Lakini ikirukia bomba la moshi lililopata moto ni habari nyingine, na mimi nabeba watoto wa watu. Nilikuwa nimekaza klipu za mpira wa tangi mara tatu. Mara tatu, na bado.

Binti yangu ndiye aliyenitia aibu ya hesabu. Nilimwambia ni katone kadogo tu, moja kila sekunde 3. Akachukua kalamu: matone 1,200 kwa saa, na kwa kipimo cha dawa matone 20 ni mililita 1, hivyo ni mililita 60 kila saa. Kwa siku ya saa 8 ni karibu nusu lita. "Baba, nusu lita kila siku unaimwaga baharini." Alilisema bila ubaya wowote, anavyosoma hesabu za shule. Sikulala vizuri.

Alhamisi sikufanya kazi. Maji yalipokupwa tukaipweleza mashua kwenye mchanga, itulie, mafuta yasichezecheze kila upande, nikamwita Ami aitazame injini. Hata hakuinama. Alisimama juu ya sanduku akaniuliza:

"Mashini yakohoa ukiwa mwendoni? Yakata?"

"La, Ami. Yanguruma vizuri kabisa."

"Asubuhi yawaka mara moja, au mpaka upige pampu ya mkono?"

"Mara moja."

"Sasa tangini wafuata nini?"

Nikakaa kimya. Kutoka tangini mpaka kwenye pampu ya kuvutia, mafuta yananyonywa. Pakiwa na upenyo sehemu hiyo, injini ikiwaka huvuta hewa, na hewa ikiingia kwenye dizeli lazima mashini ikohoe, ikose nguvu, mwisho izime. Yangu haikuwahi kukohoa. Kwa hiyo mafuta yalikuwa yanasukumwa nje, si hewa inayovutwa ndani, na palipotoboka ni baada ya pampu, si kabla yake. Maswali mawili, na wiki zangu mbili za kukaza klipu zikawa zimekwisha bure.

Tukaosha yote kwa sabuni ya unga na maji matamu, tukafuta kwa tambara mpaka chuma kikawa kikavu cha kupitisha kidole. Kisha Ami akatoa mfukoni mkebe wa poda ya mtoto. Akainyunyiza kwenye filta, kwenye pampu ya nozeli, kwenye kila nati na kila mpira, injini yote ikawa nyeupe. Akaniambia niwashe, lakini niangalie tu mpira wa maji ya kupoozea, tulikuwa tumeutia kwenye pipa la maji kwa kuwa mashua iko mchangani. Dakika ya kwanza hakuna. Ya tano hakuna. Nikapeleka mkono kupapasa paipu za nozeli, naye akaupiga kofi kwa nguvu. Mafuta yanayopita mle yana msukumo wa kupenya ngozi kama sindano, na uzi wa mafuta wenyewe ni mwembamba hata huuoni. Anayetaka kupima pale apitishe kipande cha kartoni, si kiganja. Nilikuwa nalijua hilo. Hamu ilinisahaulisha.

Injini ilipopata moto sawasawa, mstari ukatokea. Ulianzia juu ya filta, kwenye ile bolti yenye tundu katikati, ukateremka nyuma ya kishikizo ambako jicho halifiki, ukafuata paipu, ukaenda kudondoka chini ya pampu, karibu mkono mzima kutoka ulikotoka. "Mafuta yafuata chuma," Ami akasema. "Yanapodondoka si kwao."

Na bolti ile niliifunga mimi. Ni usiku mmoja wa safari ya Kizingitini, filta ilipoziba kwa mafuta machafu, nikaibadilisha kwa tochi ya simu huku abiria wananung'unika. Washa ya shaba, kile kipete cha kuziba kinachobanwa na bolti, niliirudisha ile ile ya zamani. Shaba ikishabanwa huwa ngumu, ina alama yake ya duara, na ukiibana tena mahali pengine haikubali kukaa.

Hapa ndipo moyo wangu ulipofunguka, na sijui kueleza kwa nini kitu kidogo hivi. Ami alikwenda na washa mbili mpaka kwenye jiko la muuza kahawa, akazilaza juu ya makaa, akapepea. Zikawa nyeusi, kisha zikaanza kuwaka nyekundu kama mbegu za komamanga. Akazidondosha kwenye bakuli la maji. Tss. Zilipotoka zilikuwa za waridi, laini, ukizikunja kwa kidole zinakubali. Moto uliozilainisha ni wa kahawa, na muuza kahawa hakutudai kitu, alitutilia na vikombe. Tukafunga, tukatoa hewa kwenye filta mpaka mapovu yakaisha, poda upya, nusu saa injini inanguruma. Nyeupe. Nyeupe kabisa! Nilimkumbatia Ami na mafuta yake yote. Washa mpya nimeagiza Mombasa, kumi.

Leo ni Jumatano. Bi alikuja. Nilikuwa nimeosha ngama usiku, nimetandika mkeka mpya juu ya sanduku. Akanipa mkono, akateremka, akakaa upande wake wa kulia. Sikuweza kujizuia.

"Leo hainuki, Bi."

Akaniangalia kwa muda. "Kwani palikuwa na kitu?"

Na akageukia bahari.

Kusi ilikuwa nyuma yetu, na tulipoliacha gati upepo ukatuletea moshi wa bomba kutoka tezini mpaka kati ya watu, kama unavyoleta kwenye kila mashua msimu huu. Bi akavuta ushungi juu ya pua. Vile vile alivyouvuta wiki iliyopita, kwa mkono ule ule. Sasa najiuliza kama ni mafuta, au ni moshi, au wiki iliyopita aliona uso wangu una jambo akaona aniache. Mokowe alishuka, akaniambia, "Ahsante, wewe kijana."

Nilitaka kuandika zaidi lakini nimetoka uani sasa hivi. Punda hajala tangu jana adhuhuri. Amesimama kwenye pembe ameinua mguu wa nyuma wa kushoto, na majani niliyomwekea yako kama yalivyo. Nimemgusa kwato, ni ya moto. Kesho kabla ya safari ya kwanza nitampeleka kliniki, kama atakubali kutembea.