Machweo Yangu na Mikono ya Bibi

Wiki mbili zilizopita picha yangu ya machweo ilishika nafasi ya kwanza katika orodha inayoitwa Kazi Bora za Wiki, kwenye jumuiya moja ya mtandaoni ambamo wachoraji huweka kazi zao na kupigiana kura. Niliichora kwa jioni moja hapa Kigoma, nikitazama picha ya zamani iliyomo kwenye simu yangu: jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, ziwa likiwa limegeuka rangi ya chungwa, na mbele yake meli ya Liemba, ile iliyoshushwa majini mwaka 1915, ikionekana kama kivuli cheusi. Nilifurahi, sitakataa. Lakini wiki hiyohiyo binti mmoja wa Ujiji, ambaye nimekuwa nikimwelekeza namna ya kuchanganya rangi, aliweka picha aliyoifanyia kazi kwa miezi minne, nayo ikaishia nafasi ya hamsini na kitu ikiwa na laiki kumi na tisa. Tangu siku hiyo neno "bora" limenikosesha amani.

Picha yake inaonyesha mikono ya bibi yake akichambua dagaa alfajiri pale mwaloni Kibirizi, akiwatenga na migebuka wachanga walionaswa pamoja nao. Uso haupo, ni mikono, beseni na ncha ya kanga tu. Mng'ao wa dagaa hakuutengeneza kwa rangi nyeupe, kama wengi wetu tunavyofanya tukiwa na haraka, bali kwa tabaka tatu za kijivu chenye kijani kidogo sana, na nyeupe ameigusisha mahali pamoja tu, kwenye gamba lililoganda juu ya ukucha wa kidole gumba. Nilipomshawishi aipeleke kulekule mwaloni, mvuvi mmoja mzee aliitazama kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akauliza kama usiku ule mbalamwezi ilikuwa imeshaanza, kwa kuwa beseni lilikuwa halijajaa. Wavuvi wetu huvuna wakati wa giza, taa zao zinapowavuta dagaa juu, na mwezi ukiwaka sana hupumzika. Binti akajibu kwamba ndivyo ilivyokuwa: zilikuwa siku za mwisho za giza. Sijawahi kuona picha yangu hata moja ikisomwa hivyo.

Sasa ichukue picha hiyo, yenye upana wa zaidi ya mita moja, uibane hadi iwe kama stempu katikati ya stempu nyingine ishirini kwenye skrini ya simu. Gamba linatoweka, tabaka za kijivu zinakuwa baka moja, na mikono inafanana na mizizi. Machweo yangu hayapotezi chochote, kwa sababu hayakuwa na kitu kidogo cha kupotea: rangi mbili zinazogombana na umbo moja ambalo jicho hulitambua kabla kidole hakijapita. Kura inayopigwa hapo ni ya haki kwa kile mpiga kura alichokiona, ila alichokiona si picha aliyoichora binti.

Kisha linakuja jambo la pili, ambalo naliona zito zaidi, kwamba nafasi ya juu yenyewe huzaa kura. Watafiti Salganik, Dodds na Watts walilipima jambo hili kwa nyimbo, wakachapisha matokeo mwaka 2006 katika jarida la Science. Watu 14,341 walisikiliza nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Wengine hawakuonyeshwa chochote kuhusu chaguo la wenzao, na wengine waligawanywa katika makundi manane, kila kundi likiona idadi ya watu wa kundi hilo waliopakua kila wimbo. Wimbo mmoja uliokuwa wa 26 kwa wale waliosikiliza bila kuona hesabu ulikuwa wa 1 katika kundi moja na wa 40 katika jingine. Nyimbo nzuri kabisa hazikuanguka sana mara nyingi, na mbaya kabisa hazikupanda sana mara nyingi. Lakini zile za katikati, ambako sisi wengi tupo, ziliweza kuangukia popote. Machweo yangu yalipata laiki arobaini katika saa ya kwanza kwa kuwa niliyaweka saa mbili usiku, watu wakiwa wamepumzika na simu mkononi. Binti aliweka yake saa tano asubuhi, akiwahi bando lisiishe muda.

Sidharau kupendwa. Edward Saidi Tingatinga aliuza picha zake Oyster Bay, Dar es Salaam, zikiwa zimechorwa kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi. Watu walizipenda, na ni kazi kubwa. Ninachopinga ni kuliita pendo la saa chache kwa jina la ubora, wakati Kiswahili chetu kimeshatenga maneno hayo zamani. Wahakiki wa fasihi husema riwaya pendwa, ile inayovutia wasomaji wengi, na riwaya dhati, ile yenye uzito wa kisanaa, na msomaji anaelewa kwamba ni vipimo viwili, na kwamba kitabu kimoja kinaweza kufuzu vyote viwili. DeviantArt, tovuti ya wasanii kuonyeshana kazi iliyoanza mwaka 2000, kwa miaka mingi imekuwa na kazi zinazoteuliwa kila siku na watu waliokaa na kuzitazama, mbali na mpangilio wa zinazopendwa zaidi. Uteuzi wa namna hiyo nao una upendeleo wake, lakini angalau kuna mtu unayeweza kumuuliza kwa nini.

Nimewaandikia wasimamizi wa jumuiya yetu nikiwaomba orodha ile iitwe Picha Pendwa za Wiki, na iwepo nyingine ambayo kura haihesabiki mpaka mtu aikuze picha ijaze skrini na aandike sentensi mbili juu ya alichokiona. Hawajajibu. Nimemwomba pia binti aniuzie ile mikono. Amesema nisubiri, kuna kidole kimoja hakijamridhisha.