Siku moja maishani mwangu: bethdei ya masaa 25 katikati ya Atlantiki

Saa 11:30 alfajiri. Alamu imelia nikaizima fasta isije ikamwamsha mwenzangu wa kitanda cha chini, maana leo ndo anatimiza miaka 40 na mimi tangu jana najifanya sikumbuki kitu. Kabini yetu ipo chini kabisa, haina dirisha, ukizima taa ni giza totoro hujui kama kumekucha au ni usiku wa manane, kwahiyo navaa yunifomu kwa kupapasa. Tumeishi humu miezi mitano. Meli ina wafanyakazi zaidi ya elfu moja ila Waswahili tuko wawili tu, mimi na yeye, basi Kiswahili chetu kinaishi kwenye hiki kichumba, mlango ukifungwa mtu anapumua.

Saa 1:00 asubuhi niko kwenye korido na toroli langu. Nina vyumba 18. Tuko siku ya nne baharini, meli inahama kutoka Mediterania kwenda Karibiani, meli nyingi za utalii zinafanya hivyo kila mwaka joto la Ulaya likiisha. Siku za bahari tupu kwetu wa usafi ni ngumu kuliko siku za bandari. Abiria hawana pa kwenda, unagonga wa kwanza bado kalala, wa pili kaweka kile kibao cha msinisumbue, wa tatu anaoga, unajikuta unazunguka na toroli kama unatafuta ng'ombe aliyepotea.

Ila kuvuka kuelekea magharibi kuna zawadi moja. Kila nyuzi 15 za longitudo ni saa moja, kwahiyo kila baada ya siku moja mbili inabandikwa karatasi kwenye ubao wa matangazo karibu na mesi, ukumbi wetu wa kula: leo ikifika saa 6:00 usiku, saa zote zirudi kuwa saa 5:00. Aisee ile karatasi! Watu wanaisoma huku wanagongeana mikono. Ukirudi mashariki ni kinyume, unanyang'anywa saa nzima ya kulala, usiku baada ya usiku, wiki ikiisha kruu, yaani wafanyakazi wa meli, wote macho mekundu. Sasa juzi nilipoona karatasi ya safari hii ina tarehe ya bethdei ya jamaa yangu nikasema hii ni Mungu tu, kampa siku ya masaa 25.

Niwaeleze kwanini hiyo saa ni kubwa hivyo. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 unasema baharia apumzike si chini ya masaa 10 katika kila masaa 24, na yakigawanywa yawe mafungu mawili tu, moja lisipungue masaa 6. Tunayajaza kwenye kompyuta kila siku. Ni sheria nzuri na naishukuru, lakini humo humo ndani ya mapumziko uoge, ule, ufue, upige simu nyumbani, kinachobaki cha kulala unakihesabu kwa dakika. Kwahiyo melini ukimwalika mtu kwenye sherehe ujue unamwomba usingizi wake.

Saa 8:00 mchana, mapumziko. Badala ya kulala nikateremka kwa mwokaji wa jiko la kruu, kaka mmoja Mfilipino, ruhusa ya keki niliiomba wiki iliyopita. Mshumaa hapana, hata mmoja. Moto melini unaogopwa kuliko dhoruba maana hamna pa kukimbilia, huko kwenye makabini hata pasi haturuhusiwi kuwa nayo. Basi akachonga vijiti vinne vya chokoleti nyeupe, kila kimoja miaka kumi, akavichomeka, vikasimama vizuri tu japo meli ilikuwa inayumba.

Saa 12:00 jioni raundi ya pili, shuka, taulo na wanyama wa taulo, yaani taulo tunazozikunja kwa umbo la mnyama tukaziacha kitandani kwa abiria. Hapa kuna kitu nimekuwa nakifikiria siku nyingi. Jamaa yangu yuko dobi, deki (ghorofa) ya chini, kwenye joto la mashine, anafua na kukausha taulo za meli nzima. Zinapanda kwangu zikiwa bado na uvuguvugu, mimi natengeneza tembo, watoto wa abiria wanapiga kelele za furaha, na yeye hajawahi kuona hata tembo mmoja kitandani kwake. Nikaomba ruhusa ya taulo mbili. Ile kubwa unaikunja katikati, unaiviringisha ncha zote mbili zikutane, unaipinda inasimama miguu minne. Ndogo ndo kichwa, unaviringisha kona ziungane kuwa mkonga, zinazobaki unazivuta nyuma zinakuwa masikio. Mkonga nikaurudia mara tatu mpaka ukakaa juu.

Saa 4:00 usiku akatoka kazini kachoka hataki hata kula. Nikamwambia supavaiza wako anakuita mesi. Kafika akakuta watu 11 kwenye kona. Mabinti wawili Waindonesia wa vyumba vya deki ya 8, Mhindi wa mapokezi, wenzake wa dobi, na fundi mmoja wa injini ambaye zamu yake inaanza saa 10 alfajiri, huyo alitakiwa awe amelala tangu saa 3. Hamna aliyekuwa na pombe, wote kesho kazi, soda zilitosha. Jamaa akasimama mlangoni ameshika kofia yake, hasemi.

Alafu nikampa simu yangu. Mkewe alinitumia video siku tuliyoondoka bandarini, akaandika "Shemeji, mwonyeshe usiku, ukimwonyesha mchana atashindwa kazi." Watoto watatu wanaimba, na wa mwisho anasogea mpaka pua inajaa kioo, "Baba ona, yameng'oka mawili!" Aliondoka mtoto ana meno yote. Aliiangalia akiwa amempakata yule tembo, mkono wake unakandamiza mkonga taratibu.

Saa ya ukutani ikafika 6:00, mshale ukarudi 5:00. Nyumbani walishaingia tarehe nyingine kitambo.

"Kaka, bado ni leo?"

"Bado ni leo ndugu yangu. Kata keki."

Kazi yake inaanza saa 12 asubuhi, nikamwambia ukilala sasa hivi una masaa yako saba. Tukarudi kabini, nikapanda kitanda cha juu nikavuta pazia. Huko chini nikasikia ile sauti, ameipunguza mpaka mwisho, yameng'oka mawili, yameng'oka mawili.