Nilivyoweka taa za wavuvi kwenye picha ya mama wa Kibirizi

Mafunzo mengi niliyoyaona mtandaoni ya kuchanganya uso wa mtu na mandhari hutumia mtu mweupe aliyesimama mbele ya ukuta mweupe. Kwa wateja wangu hapa Kigoma mambo yanakuwa mengine kabisa, na sijaona wengi wanaolieleza hilo.

Binti mmoja aliniletea kazi ya mama yake, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akinunua na kuanika dagaa pale ufukwe wa Kibirizi. Alitaka picha kubwa ya sebuleni, mama na ziwa wawe kitu kimoja. Mama mwenyewe alikuwa na sharti moja: "Ngozi yangu iache ilivyo, mwanangu. Watu wasije wakauliza huyu nani." Nililipenda sharti hilo. Inaniuma kuona wazee wetu wanapaushwa na kulainishwa kwenye picha mpaka wajukuu hawawatambui.

Nilimpiga karibu na dirisha, mwanga ukitoka upande mmoja, nyuma nimetundika kitambaa cheusi. Natumia GIMP, programu ya bure. Leya, yaani tabaka la picha, ya chini niliweka uso, ya juu Ziwa Tanganyika la mchana, kisha nikachagua modi ya Skrini, njia mojawapo ya kuchanganya leya mbili. Modi hiyo hugeuza mwanga wa kila nukta katika picha zote mbili, huzidisha, halafu hugeuza tena, kwa hiyo haitii giza kamwe, huangaza tu. Katika kipimo cha 0 (weusi kabisa) hadi 255 (weupe kabisa), shavu jeupe lenye 210 likiwekewa maji yenye 120 hufika 231 hivi, huoni tofauti kubwa. Shavu la mama, lenye 80, kwa maji yaleyale linaruka mpaka 162. Mawimbi yalimeza uso mzima, na ile buluu ikamwacha kama aliyepakwa majivu.

Ningeweza kuyafuta maji usoni kwa maski, yaani kifuniko ambacho ukikipaka weusi huficha sehemu ya leya, lakini hapo ziwa lingebaki pembeni tu, halimhusu. Nilichohitaji ni ziwa lenye giza jingi na mwanga kidogo, na Kigoma hilo lipo. Usiku usio na mwezi wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa, karabai au siku hizi za betri, maana dagaa hufuata mwanga. Ukiwa ufukweni unaziona zimejipanga mbali huko. Na katika Skrini, weusi wa 0 hauongezi chochote: usiku unatoweka, taa zinabaki, ngozi haiguswi.

Nikaenda na stendi, shata, yaani muda kamera inapokaa wazi kupokea mwanga, nikaiweka sekunde 2. Ukizidisha, mitumbwi inayumba na taa zinageuka mistari. Kasoro ni kwamba usiku wa kamera hauwi mweusi kamili. Una chengachenga, na juu ya ngozi nyeusi chengachenga hizo huonekana kama vumbi. Nilifungua Leveli, sehemu ya kurekebisha weusi na weupe wa picha, nikasogeza alama ya weusi kutoka 0 hadi 25, anga ikazima.

Kazi tamu ilikuwa kupanga. Nilizungusha leya kidogo ili mstari wa taa uanzie kwenye kilemba, ushuke kwenye shavu lililo upande wa kivuli, uishie begani. Taa moja iliangukia kwenye mkunjo wa kilemba. Nikaipunguza upande wa chini kwa brashi laini, ikaonekana imo ndani ya kitambaa. Machoni na mdomoni nilipita na rangi nyeusi kwenye maski, nguvu ya brashi asilimia 30, polepole, mpaka macho yakabaki yake mwenyewe. Mikunjo ya paji la uso sikuigusa. Taa za betri zilikuwa nyeupe mno, nikazitia umanjano wa karabai, kwa kuwa ndizo alizozizoea enzi zake.

Kabla ya kusafisha picha nilipandisha kidogo mwanga wa kati kwa Kevu, mstari unaoupinda kurekebisha mwanga, kwani kwenye karatasi picha huwa nzito kuliko kwenye kioo cha kompyuta.

Mama aliitazama, akaniuliza taa hizo ni za upande gani. Nilipomwambia nimezipigia hapohapo Kibirizi, akamwita jirani aje aone. Sasa binti anataka na ya marehemu baba yake, aliyefanya kazi reli. Ipo picha yake ndogo ya pasipoti, nitaiskani. Kwa leya ya juu nimeshaongea na kijana wa kuchomelea mtaani kwetu, atanisubiri giza liingie nipige cheche zake.