Siku moja ya mpiga picha wa mandhari Moshi, na mteja anayetaka tembo

Nikisema mimi ni mpiga picha, swali la kwanza ni kama nina nafasi Jumamosi, kuna send-off. Sipigi send-off. Napiga mashamba, mifongo (mifereji ya maji ya Wachaga), vihamba (mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba) na ule mlima, Kilimanjaro, halafu nawauzia wenye nyumba za wageni, watengeneza kalenda na yeyote mwenye ukuta mtupu. Ndugu zangu wanaamini nalipwa kwa kutembea.

Saa kumi alfajiri bodaboda yuko mlangoni. Tunashuka Mabogini, kwenye majaruba ya mpunga. Watu hushangaa: mlima uko juu, wewe unashuka chini? Ukiwa Kibosho au Machame uko miguuni pake, migomba imekuziba. Ukiwa tambarare unauona wote na vilele vyake viwili, Kibo kushoto na Mawenzi kulia. Wengi husogea karibu wakapiga kwa lenzi pana ya simu, na mita 5,895 zinatoka kama kichuguu. Dawa ni kurudi nyuma na kutumia lenzi ndefu, ili miti ya mbele ibaki midogo na mlima ubaki mlima.

Saa kumi na moja na nusu nimemkuta mama mmoja anafungulia maji.

"Shikamoo mama. Naomba nisimame kwenye tuta lako."

"Marahaba. Simama, ila usinibomolee, maji yatahamia kwa jirani."

Jaruba lake lilikuwa halijapandikizwa, maji yametulia. Hicho ndicho nilichofuata. Nikiwa nimesimama wima, kilele majini kilikuwa kinaangukia mbali, kinakatwa na tuta la pili. Nilipochuchumaa na kamera ikakaribia kugusa maji, kilele kikaja mbele yangu chote. Hatua mbili kushoto, nguzo ya umeme ikajificha nyuma ya mwembe. Hapo ndipo picha inapotengenezwa, kwenye magoti, kabla kompyuta haijawashwa.

Jua linaigusa Kibo kwanza, huku chini bado giza. Kamera haiwezi kubeba vyote viwili kwa mpigo mmoja, kwa hiyo napiga fremu mbili bila kutikisa stendi: moja kwa ajili ya barafu, moja kwa ajili ya udongo. Filta ya polaraiza, kioo cha mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao, naizungusha taratibu. Jua liko mashariki, mlima kaskazini, na katika pembe hiyo ndipo inapokoza bluu ya anga kuliko popote. Ukiizidisha, mlima wa majini unafifia ukiuangalia. Yule mama alinitazama muda mrefu, akasema, "Si upo kila siku huo?" Upo, mama. Saa mbili asubuhi wingu lilikuwa limeshaufunga.

Mtori mjini, bakuli zima. Kisha nyumbani, kuhamisha mafaili kwenye diski mbili na kufuta zisizofaa, ambazo ndizo nyingi.

Saa nne naanza kuhariri. Kunyoosha picha huku kuna mtego wake, maana ardhi yote inapanda na hakuna mstari wa kuuamini. Mimi naangalia kilele na pacha wake wa majini: lazima wakae kwenye mstari mmoja wa wima. Halafu naunganisha zile fremu mbili, nashusha mwanga mkali mpaka nyufa za barafu zionekane, nainua vivuli kidogo. Kidogo. Ukivuta sana ile slaida ya kuondoa ukungu, ukingo wa mlima unaota mstari mweupe na anga linachafuka. Ukivuta ya rangi, migomba inakuwa ya plastiki. Ule ubluu mwepesi wa mbali nauacha, maana ndio unaomwambia jicho kwamba mlima uko mbali. Umeme ulikatika katikati, nikamalizia kwa betri.

Saa saba nikamtumia mteja. Ana nyumba ya wageni, anataka picha ya ukuta wa mapokezi, upana mita tatu.

"Mbona ina giza?"

Nikamuuliza anaiangalia wapi. Kwenye simu, nje, juani. Nikamwomba aingie ndani aongeze mwanga wa kioo. Akaingia. Giza likaisha, yakaja mengine.

"Sasa uuvute huo mlima uje karibu."

Nikamweleza kwamba faili lina pikseli 6,000 kwa upana. Nikikata nusu zinabaki 3,000, nazo nizitandaze mita tatu? Mgeni akisimama karibu ataona vidoadoa. Akanyamaza, nikadhani tumeelewana.

"Theluji imekuwa chache. Ongeza."

Hapo nilivuta pumzi. Barafu inayotazama Moshi ndiyo hiyo, vipande vya Heim, Kersten na Decken vinavyoning'inia upande wa kusini. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo juu mwaka 1912 imeshatoweka. Wageni wako, nikamwambia, wanatoka kuupanda huo huo mlima, watakaa mapokezi na kahawa wakilinganisha. Akasema mteja ni mfalme. Nikasema sawa, mfalme, lakini theluji siongezi.

Kisha akatuma picha aliyoitoa mtandaoni: tembo wanne, mlima nyuma. "Waweke hapo kwenye maji."

Kwenye mpunga wa yule mama!

Picha yake ilipigwa Amboseli, Kenya, upande wa pili kabisa, ambako Mawenzi inaonekana kushoto. Yangu inayo kulia. Tembo wenyewe wanaangazwa na jua la jioni, wangu ni mlima wa alfajiri. Mpagazi yeyote akiingia hapo mapokezi atacheka kabla hajatua mzigo. Nikamwambia ninachoweza kutoa: waya uliopita kwenye kona, na mfuko wa plastiki uliokuwa unaelea. Hivyo kesho huenda havipo. Tembo hawajawahi kuwepo.

"Mpwa wangu ana app, anafanya dakika mbili, tena bure."

Tukaongea, tukaongea. Bei ikashuka, ikapanda, ikarudi palepale. Akakata simu, akapiga tena kuuliza kama naweza angalau tembo mmoja, mdogo, kwa mbali.

Jioni nilipanda Uru, kichwa kinauma, bila kutegemea mlima, na haukutoka. Wingu zito lakini ni mwanga mzuri wa kihamba: hakuna vivuli vikali, majani ya migomba yanaonyesha mishipa yote, kahawa zimekaa chini yake. Nilipiga mfongo unaoingia kwenye fremu kutoka kona ya chini na kupotelea kwenye migomba. Kalenda watainunua hiyo, nina hakika.

Usiku nikamwandikia yule bwana kwamba tembo wenye Kibo nyuma yao tunao hata sisi, Enduimet, magharibi mwa mlima. Gari, mafuta, kiingilio na malazi ni juu yake, na bei yangu ni ya siku mbili.

Amejibu kwa kutuma malipo ya awali ya picha ya mpunga.