Chai Husingiziwa: Simenti ya Rezini na Rangi ya Vinia

Mgonjwa aliyewekewa vinia za kauri, yaani maganda membamba yanayobandikwa usoni mwa meno, anaporudi baada ya miaka kadhaa akilalamika kwamba meno yake ya mbele yameingia umanjano, sisi madaktari wa meno huwa wepesi kumuuliza anakunywa chai kiasi gani. Swali hilo lina haki yake, lakini kauri iliyong'arishwa vizuri haishiki madoa kwa urahisi. Kinachobadilika mara nyingi ni simenti ya rezini, yaani gundi ya plastiki iliyo nyuma yake, na kwa kuwa vinia nyingi zina unene wa milimita 0.3 hadi 0.7 tu, mabadiliko hayo huonekana kama shimizi ya rangi chini ya gauni jepesi.

Simenti inayoganda kwa njia mbili, yaani kwa mwanga na kwa kemia, kwa kawaida hutegemea kemikali mbili za kuanzisha mgando: peroksidi ya benzoili pamoja na amini za aromatiki. Amini zisizotumika katika mgando hubaki ndani, na kadiri zinavyooksidika huzaa misombo ya rangi ya manjano hadi kahawia, hata kwa mtu asiyeonja chai wala kahawa. Simenti za mwanga pekee hutumia amini za aina nyingine, za alifatiki, ambazo ni tulivu zaidi. Hata hizo hazikosi ila, kwani kichochezi chake cha kawaida, kamforakwinoni, chenyewe ni cha manjano na hufifia tu kikipata mwanga wa buluu wa kutosha, karibu na nanomita 468. Taa dhaifu, au sekunde chache zilizoibiwa kwa haraka ya foleni, huacha umanjano huo pamoja na monoma (molekuli ndogo za rezini) zisizoungana, na rezini ya namna hiyo hunywa maji na rangi kwa wepesi zaidi.

Chai, bizari na tambuu hupata nafasi yake ukingoni, pale simenti inapokutana na mate. Tabaka la juu lililoguswa na hewa haligandi sawasawa, na ndiyo maana jeli ya gliserini hupakwa ukingoni kuzuia hewa kabla ya kumulika mara ya mwisho. Hatua hii ni rahisi, na sielewi kwa nini hurukwa.

Kwa CIEDE2000, kipimo cha tofauti kati ya rangi mbili, tofauti ya takriban 0.8 huonwa na nusu ya watazamaji, na ikifika 1.8 nusu yao huikataa. Nafasi hiyo ni finyu, hasa pale vinia moja inapokaa kando ya jino la asili.

Kwa hiyo vinia nyembamba naziwekea simenti ya mwanga pekee. Taji nene la zirkonia (kauri ngumu) la gego ni jambo jingine: mwanga haufiki vya kutosha, umanjano hauonekani, na mgando kamili una thamani kuliko rangi. Siku hizi zipo pia simenti za njia mbili zisizo na amini, nazo nitazikubali kwa kauri ya unene wa kati, ila pasta ya kujaribishia rangi isimdanganye mtu, maana huonyesha rangi ya siku ya kubandika tu.